Jongo: Kwa nini daktari anataka maji ya goti?



Ndugu msomaji, Ijumaa moja baada ya swala kijana mmoja alinivuta pembeni ya msikiti, viatu vyake bado viko mkononi. Baba yake, mzee wa miaka sitini na kitu, alikuwa amevimba goti la kulia tangu Jumanne. Goti lilikuwa moto, halikunjiki, na hata shuka likiligusa mzee anapiga kelele. Walikwenda hospitali. Damu ikapimwa yuriki, wakaambiwa iko kawaida. Tabibu aliyemwona akasema anataka kuingiza sindano gotini atoe maji, yapelekwe maabara. Hapo ndipo shangazi wa kijana alipokataa.

"Akasema goti likitolewa maji linakauka, ustadh. Kuna mtu mtaani kwetu alitolewa maji, mpaka leo anatembelea fimbo."

Wakamrudisha mzee nyumbani na vidonge vya diklofenaki.

Kijana alikuwa na maswali mawili. La kwanza: ikiwa yuriki ni ya kawaida, basi hii siyo ile gauti iliyomsumbua baba kwa miaka minane? La pili: je, ni kweli goti hukauka? Kabla ya kumjibu nikamwuliza na mimi, mzee ana homa? Akasema usiku wa kuamkia siku hiyo alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Nikamwambia amrudishe hospitali saa ile ile, asingoje Jumamosi, na shangazi nitazungumza naye mwenyewe. Maelezo marefu ambayo sikuwa na nafasi ya kumpa pale msikitini ndiyo ninayoyaandika leo, kwani nyumba zenye mzee wa gauti ni nyingi na maswali ni yale yale.

MAJI HAYA NI KITU GANI?

Kila kiungo kinachokunjika, kama goti, kifundo cha mguu au kidole, kimefunikwa kwa ndani na utando mwembamba. Kazi moja ya utando huo ni kutengeneza majimaji ya kulainisha mifupa isisagane. Katika goti zima la mtu mzima maji hayo hayajazi hata kijiko kimoja cha chai. Ni meupe yaelekeayo umanjano hafifu, na yanavutika kama ute wa yai bichi. Ukiyatia katika kichupa cha kioo na kuliweka gazeti hili nyuma yake, utasoma herufi bila taabu.

Kiungo kikishambuliwa mambo hubadilika. Utando huvimba, mishipa midogo ya damu iliyomo hutanuka na kuvuja, na goti lililokuwa na kijiko kimoja cha maji laweza kubeba kikombe. Ule ute unakatika, maji yanakuwa mepesi, rangi inakuwa ya manjano yenye ukungu, na herufi za gazeti hazisomeki tena. Hayo tabibu anayaona kwa macho yake kabla hata ya kufika maabara.

Sasa hofu ya kukauka. Maji yanayotolewa ni yale ya ziada yaliyojaa kwa sababu ya maradhi, na utando haung'olewi. Unabaki pale pale ukiendelea kutengeneza mengine, na ndiyo maana goti huweza kujaa tena kesho yake ikiwa chanzo hakijatibiwa. Wagonjwa wengi hupata nafuu wakiwa bado kitandani, kwa kuwa msukumo wa ndani umepungua. Hatari ya kuingiza vijidudu kwa sindano safi, ngozi ikiwa imesafishwa vizuri, ipo lakini ni ndogo sana. Yule jirani wa fimbo simjui. Lakini katika wale niliowaona mimi, goti liliharibiwa na maradhi yaliyokuwamo ndani kabla ya sindano, na mara nyingi sindano ilichelewa.

FUWELE NA KENGELE

Maradhi haya kwa Kiswahili ni jongo, mitaani ni gauti, na Waarabu tangu zamani wanayaita niqris. Al-Razi aliandika risala juu yake zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ibn Sina naye katika Qanuni ameutaja mmea wa suranjani kwa maumivu ya viungo, na katika jamii ya mmea huo ndimo inamotoka dawa ya kolchisini tunayoitumia hadi leo. Walichokosa wakubwa wale ni kifaa cha kuona kilichomo ndani ya kiungo.

Mwaka 1679 Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi wa mji wa Delft, alichukua kitu kama chokaa kilichotoka katika kinundu cha mgonjwa wa jongo, akakiweka chini ya hadubini yake, akaona vijiti vyembamba vyenye ncha kali pande mbili. Hakujua ni nini. Leo tunajua ni fuwele za yuriki. Yuriki ni taka inayotokana na purini, vitu vilivyomo katika seli za mwili wetu wenyewe na katika vyakula kama nyama, maini, figo na dagaa. Figo ndizo zinazoitoa kwa wingi. Ikizidi kiasi cha miligramu 6.8 katika desilita moja ya damu, haiwezi tena kuyeyuka yote, kama chumvi unayoendelea kuitia katika glasi ya maji mpaka inatuama chini. Mahali penye baridi hutuama upesi zaidi, na hii ni sababu mojawapo ya jongo kupenda kidole gumba cha mguu.

Lakini angalia jambo hili. Fuwele hizo zaweza kukaa ndani ya kiungo miaka mingi bila mtu kusikia chochote. Ukitoa maji katika goti la mgonjwa wa jongo siku ambayo haliumi kabisa, mara nyingi utazikuta. Kwa hiyo fuwele peke yake siyo shambulio. Shambulio ni pale mwili unapozigundua na kupiga kengele.

Ushahidi kwamba fuwele ndizo zinazoamsha kengele ulipatikana kwa njia ambayo leo kamati ya maadili ya utafiti ingeitazama mara mbili. Mwaka 1961 Daniel McCarty na Joseph Hollander wa Philadelphia, Marekani, walionyesha kuwa fuwele za yuriki zinaonekana katika maji ya viungo vya wagonjwa wa jongo kwa kutumia hadubini yenye mwanga uliochujwa upite upande mmoja. Mwaka uliofuata McCarty na mwenzake James Faires walitengeneza fuwele hizo na kujichoma katika magoti yao wenyewe. Baada ya saa chache magoti yalivimba na kuuma vikali. Hawakuhitaji kubishana tena.

Ni kengele gani hiyo? Ndani ya utando kuna seli walinzi, kazi yao kumeza takataka. Mlinzi akimeza fuwele, fuwele haiyeyuki, inamkwaruza kwa ndani. Mwaka 2006 kundi la Jürg Tschopp wa Lausanne, Uswisi, lilionyesha kuwa jambo hilo huwasha mtambo mdogo ndani ya seli, siku hizi unaitwa NLRP3. Mtambo huo unakata protini iliyokuwa imelala na kuifanya kuwa intaleukini-1 beta. Hii ndiyo kengele yenyewe. Ikishatoka, mishipa ya damu hufungua milango, na viashiria vingine vya uvimbe hufuata: intaleukini-6 inayoleta homa na kuliambia ini litoe protini ya CRP, na intaleukini-8 inayoita seli nyeupe za damu aina ya nyutrofili. Nyutrofili huja kwa maelfu, nazo humeza fuwele, hupasuka, na kumwaga vimeng'enya vinavyochoma kila kilicho karibu. Maumivu ya usiku wa manane ambayo mzee anasema hajapata kuyaona tangu azaliwe ndiyo haya. Mwaka 2007 watafiti wa Lausanne waliwapa wagonjwa 10 wa jongo dawa ya kuizuia intaleukini-1, na wote walipata nafuu kwa haraka. Dawa za namna hiyo ni ghali mno kwa familia zetu, lakini zilithibitisha kuwa kengele imejulikana.

Na kwa nini shambulio huisha lenyewe baada ya wiki moja au mbili, hata kwa asiyetumia dawa? Utafiti uliotoka mwaka 2014 ulionyesha kuwa nyutrofili zikishakuwa nyingi sana hutupa nje nyuzi zao za ndani, nyuzi zikashikamana kama wavu, na wavu huo ukanasa na kuzivunja zile protini za kengele. Askari walewale walioleta ghasia ndio wanaoituliza. Subhanallah.

NI ASKARI WANGAPI NA WANAPIGANA NA NANI?

Maabara ya kawaida hapa kwetu haipimi intaleukini, na tabibu hazihitaji kuamua. Kiashiria anachokitegemea ni zile seli nyeupe zilizoitwa. Katika maji ya goti zima seli nyeupe hazifiki 200 kwa milimita moja ya ujazo. Katika jongo lililowaka huwa kati ya 2,000 na 50,000, na nyingi ni nyutrofili. Goti lenye bakteria mara nyingi hupita 50,000, na likipita 100,000 karibu kila daktari atalihesabu kuwa ni usaha mpaka ithibitike vinginevyo.

Msomaji mwerevu ataona tatizo. Je, 40,000 ni jongo au ni bakteria? Yawezekana ikawa chochote katika hivyo viwili. Jongo kali hupita 50,000 wakati mwingine, na bakteria katika siku ya kwanza, au kwa mtu mwenye kisukari ambaye kinga yake imedhoofu, huwa na hesabu ndogo. CRP na ESR katika damu hazisaidii sana kutenganisha, kwani hupanda katika yote mawili. Homa nayo ipo katika yote mawili. Rangi ya ngozi, joto, maumivu, vyote vinafanana.

Ndiyo maana hesabu ya seli haisimami peke yake. Tone la maji hutazamwa kwa hadubini kutafuta fuwele. Kwa hadubini ya mwanga uliochujwa, fuwele ya yuriki huonekana kama sindano, ya manjano ikilala upande mmoja na ya buluu ikigeuzwa, mara nyingi ikiwa imechoma seli nyeupe kama mshikaki. Hadubini hizo si kila wilaya inazo, ila mtaalamu wa maabara mwenye subira huweza kuziona sindano hizo hata kwa hadubini ya kawaida, ingawa bila uhakika ule ule. Tone jingine hupakwa rangi ya Gram kutafuta bakteria, na sehemu nyingine huoteshwa kwa siku kadhaa ili kijidudu kijulikane na dawa yake ijulikane.

Na hapa ndipo wengi wetu, hata sisi wa makoti meupe, tunapokosea: kuona fuwele si ushahidi kwamba bakteria hawamo. Mgonjwa wa jongo wa miaka mingi anaweza kuwa na vyote viwili katika goti moja siku moja. Kiungo kilichoumizwa mara nyingi hupata vijidudu kwa urahisi, na vijidudu vikiingia huweza kuzing'oa fuwele zilizokuwa zimetulia. Bakteria wanaweza kula gegedu la goti katika siku chache, na wakipita kwenye damu wanaweza kuua. Jongo halina haraka ya namna hiyo. Kwa hiyo goti moja lililovimba ghafla na kuwa moto tunalichukulia kuwa lina bakteria mpaka maji yake yaseme sivyo, hata kama mwenye goti ana historia ya gauti ya miaka ishirini.

Ama lile swali la damu kuwa na yuriki ya kawaida, jibu lake ni kwamba wakati wa shambulio kiwango cha yuriki katika damu hushuka kwa wagonjwa wasio wachache. Mtu akaambiwa hana jongo kumbe analo. Na kinyume chake, wapo watu wengi wenye yuriki ya juu ambao hawajapata jongo maishani. Kipimo hicho kirudiwe wiki mbili au zaidi baada ya maumivu kwisha, hapo kitasema kweli.

KWA SHANGAZI

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwao. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu. Wewe ndiye unayetaka kumtoboa kaka yangu?" Nikamwambia sitaki kumtoboa, nataka tujue aliye ndani ya goti kabla hatujamkabidhi dawa. Akauliza kama haitoshi kumfanyia hijama pale juu ya goti. Swali hili naulizwa sana, na nalijibu kwa adabu: fadhila za hijama sizibishi, lakini wembe juu ya ngozi haufiki ndani ya kiungo, hautoi fuwele, na ngozi iliyochanjwa juu ya goti lililo moto ni mlango kwa vijidudu. Hali kadhalika kukanda kwa maji ya moto na kusugua. Kitambaa cha baridi kinatuliza zaidi, na mguu uinuliwe juu ya mto. Akanyamaza kidogo, kisha akamwita kijana alete kanzu ya mzee.

Maji yalitolewa usiku ule. Yalikuwa na ukungu mzito, mililita 60. Seli nyeupe 68,000. Fuwele zilikuwamo, nyingi, za kutosha mtu kuandika "jongo" na kwenda kulala. Rangi ya Gram ikaonyesha bakteria wa duara waliokaa kama vishada vya zabibu, na baada ya siku mbili wakaota: stafilokokasi. Mzee alioshwa goti katika chumba cha upasuaji na akapewa antibiotiki za mshipani, kisha za vidonge, kwa wiki kadhaa. Yale maji yasingetolewa, angeendelea na diklofenaki, na pengine angepewa sindano ya steroidi gotini, dawa nzuri kwa jongo na balaa kwa goti lenye usaha.

YA KUFANYA NYUMBANI NA HOSPITALI

Ukimpeleka mgonjwa wa namna hii, sema wazi kama ana kisukari, vidonda vya tumbo au maradhi ya figo, na taja kila dawa aliyokwisha kumeza, hata ya duka la jirani. Diklofenaki na ndugu zake zinaumiza figo na tumbo, mwenye matatizo hayo hutafutiwa nyingine. Kama maji yanatolewa siku hiyo hiyo, antibiotiki zisubiri mpaka yatoke, kwani zikitangulia vijidudu huenda visiote na tukabaki tunakisia. Lakini mgonjwa akiwa mahututi, asicheleweshwe dawa kwa ajili ya kipimo. Kichupa kikitolewa kifikishwe maabara mara moja. Kikilala dirishani mpaka asubuhi seli hupasuka na hesabu hupotea. Ukipewa wewe ukipeleke, usipitie kwingine.

Ikithibitika ni jongo tupu, kolchisini hufanya kazi vizuri ikianza mapema, na kwa kiasi kidogo. Zamani mgonjwa aliambiwa ameze kila saa mpaka aharishe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kipimo kidogo kinatuliza sawa na kile kikubwa, bila kuharisha kule. Mwenye figo mbovu asijipimie mwenyewe, dawa hii ikizidi ni sumu. Alopurinoli ni dawa nyingine kabisa: haitulizi maumivu ya leo, inashusha yuriki kwa miezi na miaka, lengo likiwa chini ya miligramu 6 ili fuwele ziyeyuke. Aliyekwisha kuizoea asiiache kwa sababu goti limewaka. Na yeyote anayepata vipele au vidonda mdomoni baada ya kuianza, aiache na arudi hospitali siku hiyo.

Chakula kina sehemu yake, ila wake zetu wasilaumiwe kwa kila shambulio, maana tatizo kubwa ni figo kushindwa kutoa yuriki, na hilo mara nyingi ni la kurithi. Supu ya maini, figo za mbuzi na nyama ya kila siku zipunguzwe. Soda zenye sukari nazo huongeza yuriki, jambo ambalo wengi hawalijui. Vidonge vya presha vya kukojoza maji pia huipandisha. Usiviache, mwulize daktari kama kuna vya kubadilisha. Kunywa maji. Mwenye jongo anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari wake mapema katika Shaabani, apangiwe muda wa dawa, na maji ayanywe kati ya futari na daku badala ya kungoja daku tu.

Yule mzee alirudi kliniki baada ya wiki sita. Goti linakunjika zaidi ya nusu. Anaswali juu ya kiti, na mwenyewe anasema tahiyatu ndiyo anayoikosa. Yuriki ilipimwa upya: miligramu 9.1. Tulimwanzishia alopurinoli miligramu 100 kwa siku pamoja na kolchisini ndogo ya kinga, na atapima tena mwezi ujao. Shangazi ndiye anayeshika kadi yake ya kliniki.